Poda ya Mama Mkubwa

Mimi sina subira, na ule mwaka walipotaka kuninyang'anya maabara ndiyo kabisa. Enzi hizo, huku visiwani kwetu, mamluki wa Kizungu walikuwa na sauti hadi kwenye vyumba vya shule, na mmoja wao alikitaka chumba changu cha kemia, pale Mutsamudu, aweke masanduku yake. Mkuu wa shule akanywea. Akaniambia mkaguzi anakuja kutoka makao makuu, Moroni: akikuta kazi inafanyika, chumba ni chetu, asipoikuta, nikafundishe kemia kwa chaki.

Kazi nilikuwa nayo. Nilikata maganda ya zinki ya betri kuukuu za tochi, nikayayeyusha kwa tindikali, nikatia magadi, na yale mashapo meupe nikayachoma juu ya makaa hadi yakawa unga wa oksidi ya zinki. Utie unga huo kwenye maji machafu, uyaanike juani. Mwanga unauamsha, nao unauvunjavunja uchafu. Ila unga wangu ulikuwa chengachenga, na kinu cha shule kilikuwa na ufa. Maji ya kujaribia, niliyoyatia unga na ile dawa ya zambarau ya vidonda badala ya uchafu, yalikaa juani kutwa ndipo yakaanza kupauka. Na mkaguzi alikuwa aje asubuhi na kurudi Moroni alasiri hiyo hiyo!

Asubuhi ya kuja kwake nikakuta kopo langu la unga ni tupu. Nilikuwa nakaa kwa mama mkubwa, dada yake mama, katika mji wa mawe. Nikamkuta uani kwenye jiwe lake la tumbawe, lile ambalo wanawake wa huku husagia liwa ya uso, ule mti wa kunukia. Anasaga unga wangu kwa maji, na kuimba anaimba.

"Mama mkubwa! Unafanya nini?"

"Nina harusi Mirontsy, mwanangu. Poda yako hii ngumu kweli, nimesaga mpaka mkono umekufa ganzi. Bado kutia liwa tu."

Nusu ya uso wake ilikuwa nyeupe pe. Nilipiga ukelele, majirani wakachungulia madirishani.

"Hiyo si poda! Hiyo ndiyo maabara yangu!"

Nikakomba kilichobaki juu ya jiwe, nikakitia bakulini, nikatoka mbio vichochoroni huku nalia kwa hasira. Naye yuko nyuma yangu, anadai poda yake.

Mkaguzi alikwisha fika. Nikaweka juani glasi mbili za maji ya zambarau, moja nikaitia ule uji mweupe, nikawa naikoroga huku nasoma kila dua niliyoijua. Yule mzungu wa masanduku alisimama mlangoni, anapima kuta kwa macho.

Kabla ya adhuhuri, salaale, zambarau ikaanza kukimbia! Unga ulipotuama, juu yalibaki maji maangavu, na glasi ya pili iko vilevile. Sikuwahi kuona kasi ile. Mama mkubwa alikuwa ameusaga laini mno, na chembe zikiwa ndogo zaidi, jua linapata pengi pa kufanyia kazi. Nikapiga vigelegele peke yangu, mwalimu mzima.

"Mmeusaga kwa mashine gani?" mkaguzi akauliza.

Nikamwonyesha mama mkubwa na uso wake uliopakwa nusu. Mkaguzi akacheka hadi machozi, kisha akamgeukia mkuu wa shule.

"Chumba hiki ni maabara. Masanduku yatafutiwe pengine."

Nikaliomba lile jiwe liwe la shule. Mama mkubwa akagoma kuachana nalo, basi akawa anakuja nalo kusagia liwa yake palepale, wanafunzi wangu wakingoja zamu. Mzungu na masanduku yake walikwisha ondoka visiwani zamani. Chumba tunacho, na mpaka leo kinanukia liwa.