Chenga, Sungura Niliyekwenda Naye Uvira

Wiki moja kabla ya kuhamia Kongo sikupata usingizi wa maana, na sababu haikuwa Kongo. Ilikuwa sungura. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi kwenye mradi wa mpunga karibu na mji wa Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila mtu nyumbani Katindiuka, mjini Ifakara, aliniuliza kuhusu mkataba, malaria na pasipoti. Mimi nilijiuliza kama sungura anaweza kufa kwa kutikiswa na basi.

Sungura huyo nilipewa na bibi yangu wa kijiji cha Mbingu. Nilikwenda kumuaga Jumamosi moja ya kawaida. Tulichambua mchele, tukala, tukawasema ndugu. Kwetu mtu anayesafiri mbali hupewa kuku hai. Mwaka ule ugonjwa wa kideri ulikuwa umemaliza kuku wote wa bibi, kwa hiyo aliingia bandani akatoka na sungura mweupe mwenye madoa ya kijivu.

"Kamchinje kwa mama yako, ule ushibe," alisema. "Usije ukawaambia Wakongo kwamba bibi yako mchoyo."

Nilimpakata njia nzima hadi Ifakara. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshampa jina la Chenga, maana madoa yake yalifanana na mchele uliovunjika mashineni. Mama alinoa kisu siku mbili mfululizo, na siku zote mbili nikaomba aahirishe. Kumrudisha kwa bibi kungekuwa matusi. Kumwacha nyumbani kulikuwa sawa na kumwachia kaka zangu, ambao wangemla kabla basi langu halijafika Mikumi.

Nikaenda ofisi ya mifugo kuomba kibali cha kumsafirisha. Afisa aliuliza kama sungura ni wa kuchinja au wa kuzalisha. Nikaanza kueleza, na nikaeleza kwa muda mrefu. Nyuma yangu alisimama mzee wa Kisukuma mwenye fimbo, aliyekuja kwa shida za ng'ombe wake.

"Binti," alisema, "mimi nina ng'ombe arobaini na sijaongea nusu ya hayo."

Ofisi nzima ilicheka, nami nikacheka. Afisa akaandika "kuzalisha" na kugonga muhuri. Hadi Kigoma nilihangaika kwamba nimeidanganya serikali, kwa kuwa Chenga alikuwa peke yake.

Uvira nilipanga chumba kwa Mama Sifa, aliyeishi na mumewe na binti yao Sifa, wa miaka saba. Alistaajabu kuona mtu amevuka mipaka miwili na nyama hai ndani ya tenga. "Kwenu hamna vyungu?" aliniuliza. Lakini kila jioni akichuma majani ya viazi, alimtengea Chenga fungu lake bila kuombwa. Bibi alinipigia simu kuuliza kama mboga ilikuwa tamu, nikajibu kwamba ilikuwa tamu sana. Nililala vibaya baada ya uongo huo pia.

Vita tulivisikia kwanza kwenye mazungumzo. Wenzangu kazini walitaja vijiji vya kaskazini, na kila wiki vijiji vilivyotajwa vilikuwa karibu zaidi. Nilipowauliza kama tuondoke, walinicheka kwa upole. Walishanizoea.

Jumanne moja mume wa Mama Sifa alikwenda shambani asubuhi. Mchana tukasikia milipuko upande huohuo.

Hakurudi.

Tulihamia kwenye korido, ambako hakukuwa na dirisha. Tenga tulilisukuma ukutani.

Chenga alijua kabla yetu. Alikita sakafu kwa mguu wa nyuma, mara moja, mara mbili, kisha kishindo kikaja. Sifa alijifunza kuziba masikio kila aliposikia mguu ule.

Siku ya tatu wanajeshi waliokuwa wakikimbia waliingia uani.

Mmoja alifika hadi koridoni. Alichukua redio, simu ya Mama Sifa na gunia la unga wa muhogo. Akainama, akafunua tenga.

Alimtazama Chenga. Chenga alimtazama.

Mwenzake akamwita kutoka nje, naye akaondoka mbio.

Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya sungura. Baadaye Mama Sifa alinionyesha unga uliobaki. Haukujaa bakuli. Niliona aibu kwa sala ile.

Siku zilizofuata tulikunywa uji mwepesi. Mama Sifa alitambaa hadi bustanini milio ilipotulia, akarudi na majani machache ya kupika, na bado akamtengea Chenga. Nilimwambia aache. Alisema mgeni wangu ni mgeni wake. Sifa hakucheza tena, alilala tu ameweka mkono wake juu ya tenga.

Asubuhi ya siku ya saba msimamizi wa mradi alinitumia ujumbe kwenye simu niliyokuwa nimeificha kwenye nguo. Raia wa kigeni wangeruhusiwa kuvuka kwenda Burundi hadi saa sita mchana. Begi moja kwa kila mtu. Wanyama hapana.

Nilimsihi Mama Sifa tujaribu kuondoka wote. Alikataa. Mumewe akirudi asikute nyumba tupu.

Nikaketi kando ya tenga na kuwaza kama nilivyozoea. Nikimficha Chenga kwenye begi na wakamwona, wanaweza kunirudisha. Nikimwacha atunzwe, nyumba yenye njaa inaongezewa tumbo. Mwishowe nilimwambia Mama Sifa kwamba sungura ni wao, wamle.

"Siwezi kuchinja huyu, mwanangu," alisema. "Mtoto anamwita kwa jina. Atabaki tu, mpaka Baba Sifa arudi."

Nilielewa. Angemgawia majani ya mwanawe kila siku, kwa heshima yangu, hadi wote waishiwe nguvu.

Naandika haya Katindiuka, miaka kadhaa baadaye. Mama Sifa na bintiye wako hai, na huwa tunaongea kwa simu. Mumewe hajaonekana hadi leo. Mbele ya msiba huo naona haya kumlilia sungura, na bado namlilia. Nimeacha kujilazimisha kuchagua kimojawapo.

Saa nne asubuhi ile nilimwomba Mama Sifa kisu, nikamwambia amwingize Sifa chumbani na kufunga mlango. Nilimpeleka Chenga uani na kumpa jani lililokuwa limebaki. Nilimsubiri amalize kutafuna. Mimi husita hata kutia saini fomu. Siku ile sikusita. Nilifanya haraka, kama nilivyomwona baba akifanya tangu utotoni. Nikamchuna, nikamkatakata, nikaweka nyama kwenye sufuria yenye chumvi na maji, nikawasha mkaa.

Nilinawa. Nikamwita Mama Sifa, nikamkabidhi mwiko. Maji yalipoanza kuchemka, nilichukua begi langu nikaelekea mpakani.