Ndege Iliyovaa Gauni Langu

Sili ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wajukuu wangu hudhani ni maringo ya uzee. Harufu yake ni ile ya vanishi iliyopakwa kwenye gauni langu la harusi hata kabla halijashonwa, na aliyeipaka alikuwa mtu mzima mwenye shamba la mahindi lisiloonekana mwisho, akichezea ndege ya watoto.

Nilikuwa yaya kwa wazungu nje ya Eldoret, upande wa kwenda Moiben, miaka ile baada ya vita vya Hitler. Mchumba wangu alikuwa karani wa stesheni ya reli. Sote tulitoka Bunyore, na harusi ingefanyika kanisani kwetu baada ya mavuno. Bibi harusi wa kanisani alivaa nyeupe, na watu walikuja hasa kuona ni nyeupe ya namna gani. Memsabu, mke wa bwana mwenye shamba, alikuwa na parachuti ya hariri aliyoachiwa na kaka yake, askari wa ndege. Siku moja akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Yaya, wewe taka olewa, mimi patia wewe hii. Wewe fungua uzi, wewe osha."

Nikafungua. Mishono ya parachuti ni midogo na imebanana kama meno ya panya. Nikishamlaza mtoto nilikaa mlangoni na wembe, nafumua. Nikafua, nikapiga pasi, nikavikunja vile vipande ndani ya sanduku la memsabu. Huko nyumbani mama mkwe alikuwa ameshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba hariri inakuja.

Ndipo bwana akashikwa na wazimu wa ndege za kuongozwa kwa redio. Hakuwahi kurusha hata moja. Akamwita rafiki yake wa Timboroa, aliyezizoea, amsaidie kuchagua ya kwanza. Wakakaa barazani na kitabu cha picha, mimi nikawa nawaandalia chai. Waliongea Kiingereza bila wasiwasi, kana kwamba misheni ilinifundisha kupiga magoti tu.

"Anayeanza aanze na ndogo," mgeni alisema. "Mabawa yakae juu ya mgongo, mwendo uwe wa polepole. Una kitufe kimoja tu mkononi. Ukibonyeza inageuka, ukiachilia inajinyoosha yenyewe. Chukua hii ya karatasi."

"Karatasi?" bwana akasema. "Majirani wanione na ndege ya karatasi?"

Akaweka kidole kwenye ile kubwa, yenye mabawa chini ya tumbo, iliyofanana na zile za vita.

"Hiyo ni ya mtu aliyekwisha kuzoea," mgeni akamwonya. "Tena mabawa yake yanafunikwa kwa hariri, na hapa hariri utaitoa wapi?"

Nilisimama na birika nikimwomba Mungu karatasi. Sijawahi kuomba kitu cha kipuuzi kama hicho, wala kukiomba kwa moyo wote namna ile.

"Hariri tunayo," memsabu akasema. Hakugeuza hata shingo kunitazama.

Jumapili nilimweleza mchumba wangu. "Lakini alikuahidi," akasema.

"Basi nenda ukamwambie."

Akakung'uta kofia yake ambayo haikuwa na vumbi. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini nani angekwenda kumdai memsabu?

Mbao za ndege zilipofika, bwana akaziunganisha kwa gundi, lakini kitambaa kilimshinda. Kila alipokivuta kilifanya makunyanzi. Nikaitwa mimi. Nikakinyoosha juu ya mabawa kwa vidole vyangu mwenyewe, naye akipitisha brashi ya vanishi nyuma yangu huku akipiga mluzi. Nilichukia ule mluzi kuliko hata vanishi.

Siku ya kuirusha majirani walikuja na viti vyao. Injini ilinywa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na etha, ikatoa moshi wa kutapisha. Ikaruka, na nakiri kwa uchungu kwamba ilipendeza. Bwana akabonyeza kitufe, ikageuka. Akaachilia, ikaendelea kugeuka. Akabonyeza tena na tena, ikayumba, kisha ikatupa kisogo na kuelekea kwenye miti ya miwati.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mpishi akaninong'oneza. Lakini waliovunjika miguu ni vibarua, waliotolewa kwenye mapumziko yao ya Jumapili kwenda kuitafuta. Waliirudisha jioni. Bwana akapangusa injini kwa leso yake, akafurahi kuiona nzima. Mabawa akayasukuma kando kwa kiatu.

Memsabu akainama, akakusanya vile vitambaa vilivyochanika, akanikabidhi. "Haya, yaya. Mimi nasema nitapatia wewe, sindiyo?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anatimiza ahadi.

"Asante, memsabu," nikasema, maana hakukuwa na jibu lingine kwa yaya. Kitambaa kilikuwa kikavu kama ngozi iliyoanikwa, kinanuka mbarika. Nilikitumbukiza chooni.

Niliolewa nimevaa gauni la marikani ya bei rahisi, lililosuuzwa kwa bluu ya kufulia ili lionekane jeupe. Mama mkwe hakuinua uso ibada nzima, na akina mama wa kanisa walinitazama kuanzia kola hadi pindo.

Niliporudi kazini nilikuta bwana ameshaagiza ile ndogo ya karatasi. Ilikuwa juu ya meza ya barazani, na mgeni mwingine, mwanamke, alikuwa akiuliza mwanawe aanze na ndege gani.

"Aanze na ndogo, mabawa juu," bwana akamshauri, kama aliyezaliwa akijua. "Asidanganywe na uzuri."

"Hariri yetu tulimpa yaya," memsabu akadakia. "Ameolewa nayo."

Mgeni akanigeukia akitabasamu. Akasema kwa Kiswahili, polepole ili nielewe, "Mimi jua wewe napendeza sana siku ile ya harusi."

Mkononi nilikuwa na birika. Nikamuuliza anataka sukari vijiko vingapi.