Unga Chini ya Mkuyu

Nilipokuwa mtoto pale Kidete, kabla sijajua kuogopa mvua, niliamini kwamba mti ukiulizwa hujibu.

Mjomba alitaka kukata mkuyu mmoja kati ya ile mitatu ya ukingoni mwa mto Mkondoa, apate kuni za kuchomea tofali. Bibi, mama yake, hakugombana naye. Jioni alimwaga unga wa mtama chini ya shina, akaulundika taratibu kama kichuguu, akaniambia asubuhi tukiukuta umesimama, basi mti umekubali. Usiku huo niliota mkuyu unavuka mto, umeinua khanga yake isilowe. Alfajiri tukaenda, ukungu umelala juu ya maji, na kichuguu kimebomoka.

"Umekataa," bibi alimwambia mjomba. "Ukiukata, mto utapita hapo hapo."

"Kuku hao, mama! Wamekula wameshiba, wewe unasema mti!"

Tukacheka wote, mjomba akakata.

Masika ile mto ulipita hapo hapo. Ulibeba jiko la bibi na mbuzi wake, sisi tukalala shuleni juu ya madawati.

Sasa nina mtoto anayenyonya, nyumba yangu iko nyuma ya ile mikuyu miwili iliyobaki, na wachoma tofali wameanza kuizungukazunguka. Ndiyo maana kwenye mkutano wa kijiji nilisimama, mtoto mgongoni, nikasema yote kwa pumzi moja: halmashauri itutungie sheria ndogo, miti ya mtoni isikatwe ovyo.

Diwani akaniuliza, "Dada, kwani ina mizimu?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mheshimiwa, mizimu siijui. Ninachojua, mimi na mwanangu tunalala nyuma yake."

Kicheko kikakatika. Ombi likapelekwa wilayani Kilosa, halijarudi, na mawingu tayari yamekaa milimani.

Jana jioni nilichukua unga, nikaulundika chini ya mikuyu kama bibi. Leo asubuhi wachoma tofali wamekuja na mashoka, wakauona, wakasimama.

"Nani kaweka?"

"Mimi."

Wakatazamana. "Haya, mama. Tutapita kesho."

Zamani nilidhani bibi alikuwa akiuliza mti. Kumbe alikuwa akimwomba mwenye shoka alale kwanza, aamke, autazame mto. Sheria ninayoiomba nayo haisemi zaidi ya hapo.

Jioni hii nitamwaga unga mwingine.