Harufu Aliyoikataa Fundi Mbarouk

Jirani yetu wa Jang'ombe, fundi Mbarouk, ni mtu wa watu. Gereji yake iko Kiembe Samaki, lakini hata asiyekuwa na gari anamjua kwa pikapu yake ya buluu. Mtaani pakiwa na msiba, ndiyo inayobeba majamvi. Pakiwa na harusi, ndiyo inayobeba masufuria. Sijapata kusikia kamwambia mtu nipe. Mungu atamlipa. Lakini ukitaka kukosana naye, itie kasoro gari hiyo.

Mtoto wake ni mmoja tu, Tahiya. Aliolewa Mkokotoni, kule kaskazini, na Mungu akamjaalia mimba. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mamake. Binti hurudi nyumbani, akajifungua, akakandwa na mama yake mpaka arobaini iishe. Mbarouk alikipaka rangi chumba cha binti yake kwa mkono wake mwenyewe. Kila akitoka msikitini hunipitia mlangoni: "Bi Mwanakheri, mgeni wangu karibu anakuja!"

Siku ya kumfuata alijaza tangi zima, maana Mkokotoni si Darajani, hapa karibu. Mkewe, Mwanamkasi, akapanda naye, na yaliyotokea huko ndiye aliyenisimulia.

Tahiya alitoka, akamwamkia babake, akafungua mlango wa gari. Papo hapo akarudi nyuma, kanga puani.

"Baba, inanuka petroli."

"Ulitaka inuke nini mwanangu, uji? Gari inakunywa petroli."

Watu wakacheka. Tahiya hakucheka. "Inanuka ndani, baba. Ntatapika njia nzima. Na mara ile uliponirudisha huku nilikwambia."

Mama mkwe wake Tahiya, Bi Thuwaiba, akatia lake kwa mzaha: "Mimba hiyo! Mie yangu ilimchukia mume, akiingia ukumbini mie natokea uani. Ya huyu imechagua gari!"

Hakukusudia ubaya, lakini hapo ndipo palipoharibika. Kwetu mimba kumchukia mtu ni jambo la kawaida, na anayechukiwa huambiwa avumilie mpaka mtoto azaliwe. Mbarouk mara ile ya mwanzo alikuwa kafungua boneti, kapapasa mipira ya petroli na kabureta, kote pakavu. Na yeye ndiye fundi. Basi akalishika neno la Bi Thuwaiba, kasoro ikawa ya mimba, si ya gari.

"Basi nikodie teksi, baba," Tahiya akasema taratibu.

"Teksi? Jang'ombe nzima imuone mtoto wa Mbarouk anateremka kwenye gari ya watu? Gari hii ndiyo iliyokupeleka skuli!"

"Baba Tahiya," mkewe akamwambia, "mwenzako anaumwa na harufu, wewe unaumwa na watu."

Mbarouk akawasha gari. "Asiyeitaka gari yangu asije."

Wakarudi wawili. Hasira zilipoa, hazikosi kupoa, na alishaanza kuulizia teksi, lakini uchungu haukumngoja. Tahiya alijifungua kule kule, mtoto wa kike, salama, alhamdulillahi. Mzazi mbichi hasafirishwi. Aliyemkanda na kumpikia uji wa pilipili manga ni Bi Thuwaiba.

Mwanamkasi akashona nguo za mtoto, akazifukiza udi, akazitia kwenye boksi. Mbarouk akajaza tangi, akaliweka boksi nyuma ya kiti, akalipeleka. Alilikabidhi mlangoni akageuza gari. Uso wa kumtazama binti yake alikuwa hana.

Siku chache baadaye Bi Thuwaiba akapiga simu. Mbarouk alikuwa anakula, na simu ya mkewe ilikuwa wazi, sauti nje.

"Mwenzangu, usinielewe vibaya. Nguo nimezifua na kuzianika, nimerudia tena, petroli haijatoka. Naogopa kumvisha mtoto."

Mbarouk akalirudisha tonge sahanini. "Nguo hazina mimba," akasema. Hakula tena.

Asubuhi nilimkuta keshajaza tangi mpaka mdomoni, kafuta kila mpira kwa kitambaa, kalala chini ya gari na tochi. Pakavu. Akatuomba mie na mkewe tuishike ubavuni tuitikise, kama iko kwenye njia ya mashimo. Ndipo tone likaanguka. Mpira mnene unaoteremsha petroli kutoka mdomo wa kutilia mpaka tangini ulikuwa umechanika kwenye kona, upande wa juu usioonekana. Mjini anatembea na tangi nusu, petroli haifiki pale. Likijaa, kila akikata kona inamwagika, na harufu inapandia tundu la sakafuni nyuma ya kiti, lililopoteza kizibo chake.

Akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu.

"Gari ya mtu ningemuuliza kwanza: inanuka lini, tangi likijaa au likipungua? Wateja wote nawauliza. Mwanangu sikumuuliza."

Akatia mpira mpya, akaukaza kwa klipu, akaliziba tundu. Akajaza tena, akazunguka nayo mpaka Kiembe Samaki na kurudi, vioo kavipandisha. Pua yake hakuiamini, imeshazoea. "Mama Tahiya, ingia uninusie."

Mwanamkasi alikaa mle ndani kitambo. "Hainuki," akasema, akashuka analia.

Arobaini ilipokwisha Mbarouk akaenda Mkokotoni kumuomba radhi binti yake. "Nshakusamehe baba, siku ile ile," Tahiya akamjibu. Akapanda na mtoto wake, wakaja mpaka Jang'ombe, wala hakushika pua. Mwanamkasi akampokea mjukuu, mtoto akalia mpaka akapaliwa. Mikono aliyoizoea ni ya bibi yake wa kule. Mbarouk alimtaka binti yake akae japo wiki. Alasiri Tahiya akasema, kwa adabu, "Baba, nirudishe. Mtoto halali bila ya bibi yake wa kule."

Akamrudisha, polepole, tangi tele.

Watu wanampoza: Mungu atajaalia wa pili. Huitikia inshallah, kwa sauti ndogo. Anajua, kama tujuavyo sote, kwamba wa pili huzaliwa kwa mumewe.