Mwandishi Hasemi

Darasa la mwisho, lile lililopakana na tangi la maji, lilikuwa kimya muhula mzima. Watoto waliandika insha, wakazirundika mezani, wakarudishiwa na alama. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenuna. Mwalimu wao mpya, ambaye zamani alikaa dawati la pili humo humo, alisahihisha kama mtu aliyehamia nyumba ya marehemu, ingawa mwenye nyumba yu hai.

Enzi za Bibi Sikio, mwalimu wa zamani wa darasa hilo, insha hazikusahihishwa, zilisomwa. Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye alilijua na hakulikataa. Alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi, na kalamu nyekundu aliitumia kukorogea chai. Saa ya insha ikifika alivuta kiti dirishani, akafumba macho. Daftari lako ulimpa jirani yako wa dawati akalisoma kwa sauti, nawe ukasimama. Sheria ilikuwa moja: mwandishi hasemi. Hata ukisomwa vibaya namna gani, ulimeza mate ukanyamaza. Msomaji akikwama, Bibi Sikio aliinua kidole.

"Umeona? Hapo umemwacha mwenzio njia panda. Rudi ukamchukue."

Mwalimu huyu wa sasa alikuwa na kigugumizi. Wenzake walikwepa kukaa naye, maana nani anataka insha yake ikatwekatwe kama mboga? Bibi Sikio akamkalisha na binti hodari kuliko wote, aliyependa sentensi ndefu kama foleni ya hospitali. Mwenye kigugumizi akikwama na darasa likianza kuguna, Bibi alisema taratibu, "Hapo ni ulimi wake, tusubiri." Mbele kidogo, akikwama tena, alimwambia binti: "Hapo si ulimi. Hapo ni sentensi yako." Hakukosea kamwe. Ndipo msichana yule mwenye kigugumizi alipotambua kwamba si kila kukwama ni kosa lake, na tangu hapo akalala usingizi mzuri.

Mwaka wa mtihani, mkuu wa shule aliingia na rundo la insha za mfano. Akaagiza kila mtoto akariri utangulizi ule ule na hitimisho lile lile. Mambo ya kusomeana yaishe, yanakula muda. Bibi Sikio hakubishana. Alimwomba tu tangazo alilokuwa nalo mkononi, aliloliandika mwenyewe kuwaita wazazi kikaoni, akampa mwenye kigugumizi alisome.

Msichana huyo akalipokea. Akaanza. "Kwa heshima na taadhima, kufuatia na kwa kuzingatia yale yaliyokwisha kubainishwa hapo awali..." Akakwama. Mkuu akafungua kinywa ili aeleze, na darasa zima, kama waliopanga, likamwambia kwa upole:

"Mwandishi hasemi, mwalimu."

Mkuu akafunga kinywa. Msichana akarudia, akakwama palepale. Wote wakamgeukia Bibi.

"Huo si ulimi wake," alisema, macho yamefumbwa.

Mkuu akacheka mpaka akajifuta machozi. Tangazo lililowafikia wazazi lilisema njooni Ijumaa asubuhi, tuzungumze habari za mtihani. Lakini baadaye alimwita Bibi ofisini.

"Mama, mimi umenipata," alimwambia. "Wasahihishaji wa mtihani hutawapata. Endelea na mtindo wako mpaka ustaafu. Ukiondoka, uondoke nao."

Ikawa hivyo. Mtihani ulipokuja, darasa lile halikuongoza wala halikushika mkia. Bibi akastaafu, insha za mfano zikaingia. Msichana akasomea ualimu, akarudi, akapewa darasa lile lile. Naye, kwa muhula mzima, akafundisha utangulizi wa kukariri. Yule mkuu alikuwa amekwisha kuhama, na hakuna aliyemkataza kurudisha kusomeana kwa sauti. Aliogopa tu. Sikio lile hakuwa nalo.

Siku moja akaenda kwa Bibi Sikio, nyumba ya kona nyuma ya posta, alikoishi chumba cha uani kwa mwanawe wa mwisho. Walipomaliza kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani, akalitoa lililompeleka.

"Nikikosea je, mama? Nikimlaumu mtoto kwa sentensi, kumbe ni ulimi wa mwenzake?"

"Kwani mimi nilikuwa najua?" Bibi alisema. "Nilikuwa nakutazama mkono, mwanangu. Ukishikwa na ulimi ulikunja ngumi. Ukishikwa na sentensi, ulirudisha kidole nyuma kutafuta njia."

"Lakini ulikuwa umefumba macho."

"Nusu," alisema Bibi Sikio, akamsogezea chai. "Mwalimu gani anafumba yote mbele ya watoto?"

Mwalimu akacheka, kigugumizi na vyote.

Jumatatu aliwaambia watoto wabadilishane madaftari, akavuta kiti dirishani. Msomaji wa kwanza alikwama mstari wa pili, na mwandishi akafungua kinywa. Mwalimu, macho nusu yamefumbwa, akainua kidole kumzuia na kuutazama mkono wa msomaji.