Kipepeo Aliyegeuka Kijani

Baba alifariki mwaka niliomaliza chuo kikuu, kwa hiyo sikubaki Dar es Salaam kama nilivyokuwa nimepanga. Mhadhiri wangu wa fizikia alikuwa amenipa nafasi ya kuendelea kusoma chini yake, na kazi yenyewe ingekuwa kukokotoa kwa kompyuta jinsi mwanga unavyopita ndani ya vitu vidogo mno. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba mama amebaki na mashamba na wadogo zangu, na mimi ndiye mkubwa. Nikaomba kupangiwa Shinyanga. Nikapewa sekondari ya wasichana.

Nilipenda kufundisha. Sitaki kusema nilikuwa mtu wa kusikitika. Ila niliondoka chuoni na picha moja kichwani ambayo haikutoka. Ilikuwa picha ya bawa la kipepeo mdogo wa bluu, iliyopigwa kwa hadubini yenye nguvu kuliko zote, na mhadhiri aliturushia ukutani siku moja darasani. Lile tunaloliona kama vumbi la bawa kumbe ni magamba, na kila gamba limejengwa kwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, na kati ya chapati na chapati kuna hewa. Ukichukua unywele mmoja ukaugawanya mara elfu, ndio unene wa chapati moja.

"Humo hamna rangi ya bluu hata chembe," mhadhiri alisema. "Bluu inatokana na mpangilio."

Likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani, Ushirombo. Basi lilinasa kwenye tope tulipopita Kagongwa, tukashuka kusukuma, nikafika nimechafuka hadi magotini. Mama alinipikia ugali na mlenda, tukaongea habari za mvua na za ng'ombe. Kisha akasema, kama mtu anayesema jambo dogo:

"Sista wa macho ameletewa televisheni na ndugu zake. Lakini haionyeshi watu. Ukibonyeza, inaandika."

"Inaandika nini, mama?"

"Mimi nitajuaje? Napeleka maziwa, sipeleki macho."

Sikulala vizuri. Siku zile kompyuta haikuwa kitu cha kuingia nchini hivihivi, na hata chuoni tulikuwa tukipanga foleni ili kupata zamu kwenye ile moja kubwa. Asubuhi nilimbebea mama kopo la maziwa hadi misheni.

Sista alikuwa mzee wa ng'ambo, daktari wa macho, aliyekaa pale miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Kisumbwa. Mama alikuwa amempenda tangu alipomtibu bibi mtoto wa jicho.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu, Mama Mwalimu?"

"Ndiye huyu," mama akasema. "Ameacha usingizi kwa ajili ya televisheni yako."

Ilikuwa kompyuta kweli, ndogo kama mkoba wa daktari, imeunganishwa na televisheni na redio ya kaseti ya kuhifadhia kazi. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Sista alisema ndugu zake walidhani itamsaidia hospitalini, lakini yeye hakupata muda wa kujifunza, na jenereta iliwashwa alasiri tu, kwa ajili ya pampu ya maji na chumba cha upasuaji. Nikamwomba. Nilipomweleza ninachotaka kufanya, akacheka, si kwa dharau.

"Unataka kuiuliza mashine kwa nini kipepeo ni wa bluu?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi itumie. Lakini kila siku, kabla hujaondoka, utanieleza ulichofanya. Kwa Kiswahili, na bila maneno makubwa. Mimi nimeyashughulikia macho maisha yangu yote na sijui mwanga ni nini."

Ndivyo tulivyoanza. Alasiri jenereta ikinguruma mimi niko mezani, na Sista akimaliza wagonjwa anakuja kukaa kwenye benchi, miguu ameinyoosha. Nilimwambia mwanga ni wimbi. Ukifika kwenye tabaka la kwanza, sehemu yake hurudi na sehemu hupenya. Kwenye la pili vilevile, hadi chini. Mawimbi yanayorudi hukutana njiani. Yakienda pamoja, kama wakulima wanaoinua majembe kwa wimbo mmoja, yanapata nguvu. Yakipishana, yanauana. Unene wa tabaka ndio unaoamua ni rangi ipi itakayopata wimbo mmoja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuijenga ile sahani ya chapati kwa hesabu, ndani ya mashine, kisha kuipelekea rangi moja baada ya nyingine na kuona ipi inarudi kwa wingi.

Jaribio la kwanza halikutoa kitu. Mashine ilifikiri muda mrefu, kisha ikachora mstari uliolala kama barabara ya Shinyanga. Rangi zote sawa. Yaani kipepeo mweupe. Nilirudi nyumbani nikihesabu kwa vidole. Mama akaniuliza kama televisheni imenikasirikia.

Kosa lilinijia wakati nikipalilia mahindi na wadogo zangu. Nilikuwa nimelihesabu kila tabaka peke yake, kana kwamba halina jirani. Lakini wimbi linaporudi juu hukutana tena na tabaka lililo juu yake, likarudishwa chini, likapanda tena. Kila tabaka linasema na jirani zake wote wawili, wakati wote. Niliacha jembe palepale. Mdogo wangu wa kike akapiga kelele, "Mama! Dada anakimbia!"

Alasiri ile niliandika upya. Mstari ulianza kujichora kutoka upande wa wekundu, umelala, umelala, ukapita njano, ukapita kijani. Kisha ukapanda. Ukapanda kwenye bluu kama mlima, ukashuka tena upande wa zambarau. Sista alisimama kutoka kwenye benchi. Nilikuwa nimemtengeneza kipepeo wa bluu kwa namba, na hakuna mahali popote nilipoandika neno bluu.

Kisha Sista akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na akilowa?"

Nikamjibu kwamba maji hayamloweshi. Yanateleza juu ya bawa.

"Basi si maji. Spiriti. Spiriti inapenya kila mahali, sisi madaktari tunajua."

Hilo lilikuwa jepesi kujaribu. Mahali nilipokuwa nimeandika hewa nikaandika spiriti, nikasubiri. Mlima ukatokea tena, lakini mfupi, na umehama. Ulikuwa kwenye kijani.

Sikuamini. Nilijua kwamba mwanga hukawia zaidi ndani ya spiriti kuliko ndani ya hewa, na kwamba kitu fulani lazima kibadilike. Lakini kipepeo wa bluu kuwa kijani kwa sababu amelowa tu? Nilidhani nimekosea tena. Nikapitia kila mstari wa programu, nikairudia hesabu kwa mkono kwa tabaka chache, nikapata kijani kilekile. Likizo ilikuwa inakaribia kwisha na mimi nimekaa nikipigana na jibu.

Sista akasema, "Umeuliza mashine. Yeye mwenyewe umemuuliza?"

"Nani, Sista?"

"Kipepeo."

Kesho yake niliamka na mama tukaenda lamboni, pale ng'ombe wa kijiji wanaponyweshwa. Vipepeo wadogo wa bluu hupenda tope lile lenye mkojo wa ng'ombe. Hukaa hapo makundi kwa makundi, na kwato zikipita wanaruka wote mara moja. Mama alinizuia nisiwafukuze. Alichutama, akatafuta kwenye nyayo za ng'ombe mpaka akapata waliokwisha kufa ambao mabawa yao hayajachafuka. Aliwaweka kwenye jani la mgomba mmoja mmoja, kwa ncha za vidole.

Tukaenda nao misheni. Sista aliliweka bawa moja kwenye kigae cheupe dirishani, akanipa kile kidude cha kudondoshea dawa ya macho, kimejaa spiriti. Nikadondosha.

Bluu ikazimika. Mahali pake, taratibu, pakaja kijani, hafifu, kama jani changa la mpunga.

"Umemharibu," mama akasema.

"Subiri, mama."

Spiriti ilianza kukauka kutoka pembeni. Na bluu ikarudi kutoka pembeni, ikafuata ukavu ule hadi katikati, mpaka bawa likawa kama tulivyoliokota. Sista alifanya ishara ya msalaba. Mama alinyang'anya kile kidude mkononi mwangu, akadondosha mwenyewe. Kijani. Akasubiri. Bluu.

"Ulijua kabla hatujaja?" akaniuliza.

"Hesabu ilisema. Mimi nilikataa."

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mashambani, yeye mbele na kopo lake tupu. Karibu na mto akasimama bila kugeuka.

"Yule mwalimu wako wa Dar bado anakutaka?"

"Sijui, mama. Huenda nafasi imeshachukuliwa."

"Nenda ukamuulize. Wadogo zako si mayai, hawatavunjika. Na mimi nilikuwa nalima kabla hujazaliwa." Kisha akasema kwa Kisukuma, lugha aliyoitumia alipotaka kitu kisibishaniwe, kwamba baba angekuwa hai angekwisha kunifungia mzigo.

Niliwamalizia wasichana wangu wa kidato cha nne mwaka wao, maana nisingeweza kuwaacha mwaka wa mtihani. Bawa moja nililichukua hadi darasani, na kila mmoja wao alidondosha kwa zamu yake. Halafu nikapanda treni Shinyanga stesheni kwenda Dar. Nafasi ilikuwa imechukuliwa kweli, lakini mhadhiri alipoona mstari wangu uliohama na kusikia habari ya spiriti, alikwenda kuniombea nyingine. Ilichukua miezi. Nilifundisha masomo ya jioni mjini huku nikisubiri, na nilikula mihogo mingi.

Ilipopatikana nilimpigia Sista kwa simu ya upepo, ile redio ya misheni. Sauti ilikuwa ikikatikakatika. Nikamsikia akimwita mama, aliyekuwa ameleta maziwa, kisha mama akipiga kelele kwenye chombo asichokiamini: "Umekula?"

"Nimekula, mama. Nimepata!"

"Umepata nini? Chakula?"

"Nafasi!"

Alicheka kwa sauti hadi chombo kikakoroma, na nyuma yake nikasikia Sista naye akicheka, na wauguzi, na nadhani hata wagonjwa wa kwenye benchi.