Sinema kwenye Ghala la Mbata

Pwani yote hii, kuanzia Moa mpaka Pangani, hakuna aliyejua kuitoa picha ya sinema ikatakata kama mimi. Naandika hivyo na sioni haya. Darasani nilikaa miaka miwili tu, na mmoja niliumwa. Lakini miaka ile ya hamsini, Mzungu mmoja wa shamba la mkonge alipofunga mizigo kurudi kwao, mimi ndiye niliyeinunua mashine yake ya sinema. Wiki haijaisha nilishaifungua na kuifunga mara sita, na haikubaki hata skrubu moja mkononi.

Tabu haikuwa mashine, tabu ilikuwa nguo ya kurushia picha. Turubai langu lilikuwa kuukuu, la manjano, viraka vitupu. Farasi mweupe akipita pale utadhani ana upele. Na mimi nilitaka picha safi, maana nilikuwa nimeposa binti wa mzee mmoja wa Chumbageni, mfanyabiashara wa mbata za nazi, naye alinijibu mbele za watu, "Simwozi binti yangu mchezea taa." Nikamwomba aniachie ghala lake Ijumaa baada ya sala, aione kazi yangu kwa macho yake ndipo aseme.

"Haya," akasema. "Lakini nikicheka, ujue nakucheka wewe."

Asubuhi ya Ijumaa nikaziba matundu ya ghala kwa magunia, umeme nikauvuta kwa waya kutoka nyumba ya jirani. Kisha nikaenda kwa mama wa binti.

"Shikamoo mama. Huna shuka jeupe?"

"Marahaba. Mashuka yangu yote yana maua." Akafikiri. "Nyeupe humu ni moja tu. Sanda ya mwenye nyumba."

Wazee wetu wengi hujinunulia sanda mapema wakaiweka sandukuni. Ya huyu ilitoka Makka.

"Mama, ataniua!"

"Yule anayemaliza sahani mbili za wali kila mchana, sanda ataitaka leo? Chukua. Irudi kabla ya alasiri."

Nikachukua. Ilikuwa vipande vyembamba, na sanda haipigwi sindano, basi nikavipandisha kingo nikavibana kwa miba ya mndimu. Nikainyunyizia maji, nikaivuta mpaka kunyanzi zote zikaisha. Pembeni nikazungushia kaniki, kwa sababu weupe ukizungukwa na weusi huzidi kuwaka. Mashine nikaipandisha juu ya matofali, kioo chake kitazame katikati ya nguo. Hayo hakunifundisha mtu.

Watu wakajaa, mzee akakaa mbele. Nikawasha. Jamani! Yule mwanamke kwenye picha ungeweza kumhesabu kope. Alikuwa anacheza, mapaja nje, na watu waliotoka kwenye sala wamemkodolea macho kimya.

Kumbe joto la ghala na yale maji yameiamsha karafuu maiti, manukato ya kuzikia, iliyolala na ile nguo miaka na miaka. Harufu ikatanda ghala zima. Mzee akanusa.

"Nani amekufa humu?"

Akainuka akaenda mpaka kwenye nguo, na yale mapaja yakawa yanacheza mgongoni kwake, juu ya kanzu. Ghala likaangua kicheko. Mzee akashika pindo, akalisugua kwa vidole.

"Kijana, hii ni yangu?"

"Ndiyo, mzee." Nikaiona harusi yangu inakwenda zake.

"Tanga nzima hukupata nyingine?"

"Nimezunguka maduka yote, mzee. Nyeupe kama hii hakuna." Uongo mtupu, hata duka moja sikuingia.

Akawageukia watu. "Mmesikia? Maduka yote!" Akarudi kukaa, akatengeneza kanzu. "Sasa mrudishe yule mwanamke mwanzo. Niliposimama sikumwona."

Binti nikapewa. Sharti lilikuwa moja: sanda niifue mwenyewe, mara saba, mbele ya baraza, mchana kweupe. Nikafua. Wapita njia walisimama kunipa pole, wakauliza marehemu ni nani. Nikawaambia ni baba mkwe, huyo hapo kwenye kiti nyuma yangu, na anasema sabuni bado haijatosha.